Madoa ya kijivu angani: jinsi ya kusafisha sensa ya kamera bila kuiumiza

Swali: Shikamoo fundi. Ninapiga picha za harusi hapa Dodoma, natumia Canon 80D niliyoinunua mkononi mwa mtu. Miaka miwili sijaona tatizo lolote. Jumamosi iliyopita maharusi walitaka picha za nje mchana, jua kali, nikabana tundu la lenzi hadi f/16. Nilipofika nyumbani nikakuta madoa ya kijivu angani, kama kumi hivi, kwenye picha zote na mahali palepale. Nimefuta lenzi, nimebadilisha lenzi, bado yapo. Rafiki yangu anasema ni vumbi kwenye sensa, nichukue pamba za masikio na spiriti nifute. Naogopa. Nifanye mwenyewe au nilete kwa fundi? Na picha za watu natakiwa kuzikabidhi wiki ijayo.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amepatia nusu: ni vumbi kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha. Nusu ya pili, ya pamba na spiriti, achana nayo kabisa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali hili huletwa mezani kwangu hapa Arusha kila kiangazi, na mara nyingi linakuja pamoja na kamera ambayo mwenyewe ameshaiumiza kwa haraka zake.

Tuanze na picha za maharusi, maana hizo zina tarehe. Usizisubirishe mpaka sensa isafishwe. Madoa yamekaa mahali pamoja kwenye kila picha, kwa hiyo fungua picha moja kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, shika zana ya kuziba madoa, ziba moja baada ya jingine mpaka yaishe, kisha nakili marekebisho hayo na kuyabandika kwenye picha nyingine zote za f/16. Ndani ya zana hiyo kuna kisanduku cha kuonyesha madoa. Ukikiwasha picha inageuka nyeusi na nyeupe, na utayaona hata yale ambayo jicho liliyaruka. Ukishabandika, pitia picha moja moja kwa macho yako. Angani kiraka hakionekani, lakini doa likiangukia kwenye shela au shavuni mwa bibi harusi, programu inaweza kuchota rangi mahali pasipofaa. Hapo ziba kwa mkono.

Sasa kamera yenyewe. Unasema miaka miwili hukuona kitu. Mimi naamini vumbi hilo halikuingia Jumamosi. Lilikuwemo siku nyingi, ila ulikuwa hulioni kwa sababu ukumbini unapiga kwa f/2.8 au f/4, tundu la lenzi likiwa wazi; namba ikipanda, tundu linapungua. Toka nje saa sita mchana, nyoosha kidole juu ya karatasi nyeupe: kivuli kina kingo kali. Subiri wingu lifunike jua uangalie tena: kivuli kimeyeyuka, ingawa kidole hakijaondoka. Jua ni chanzo chembamba cha mwanga, wingu ni chanzo kipana, na lenzi yako inafanya vivyo hivyo. Ikiwa wazi kwa f/2.8, mwanga unaifikia sensa kutoka upande mpana, unapita pembeni mwa punje ya vumbi na kukifuta kivuli chake. Ukibana hadi f/16 mwanga unakuja kwa njia nyembamba, na kivuli kinasimama.

Hesabu yake ni rahisi, nami napenda kuwaonyesha vijana wanaojifunza kazi hii. Vumbi halikai juu ya sensa yenyewe. Linakaa juu ya kioo chembamba kinachoifunika, ambacho ndicho kichujio kinachozuia miale isiyotakiwa. Tuseme uso wa kioo hicho uko milimita 1 mbele ya sensa. Gawanya 1 kwa 2.8: kivuli kinatawanyika katika duara la milimita 0.36 hivi. Gawanya 1 kwa 16: duara la milimita 0.06. Punje yenye upana wa milimita 0.05, sawa na unywele mwembamba, kwa f/2.8 inapunguza mwanga wa duara lile kwa kama asilimia 2 tu, na hakuna jicho litakaloona. Kwa f/16 punje hiyohiyo inakula zaidi ya nusu ya mwanga. Ndiyo maana mtu anayepiga mandhari analalamika kuhusu vumbi, na anayepiga sura za watu kwa lenzi iliyo wazi anaishi nalo miaka bila kulijua.

Hicho kioo ndicho nitakachokuwa namaanisha kila nikisema «safisha sensa», kwa sababu sensa yenyewe hutaigusa kamwe. Hilo likutie moyo, lakini lisikupe kiburi. Kioo hicho kina tabaka laini juu yake linalopunguza miako ya mwanga, na tabaka hilo likikwaruzwa, mkwaruzo haufutiki. Tiba yake ni kubadilisha kioo kizima.

Kabla hujagusa chochote, piga picha ya kipimo. Weka kamera kwenye Av, mpangilio unaokuachia kuchagua tundu mwenyewe, ISO 100, f/22. Zima ulengaji wa moja kwa moja, zungusha lenzi hadi mwisho wa mbali, halafu elekeza kwenye skrini nyeupe ya kompyuta au karatasi nyeupe kwa karibu, ili ionekane ukungu mtupu. Ongeza mwanga kidogo, hatua 1 inatosha. Shata, yaani mapazia yanayofunguka mbele ya sensa unapopiga, itachukua muda mrefu kufunga, na hapo ndipo raha yake: tikisa kamera polepole wakati inapiga. Alama za skrini zitafutika zote, ila vumbi linasafiri pamoja na kamera, kwa hiyo litabaki. Fungua picha hiyo kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, pandisha kontrasti, kisha itembelee kona hadi kona.

Usishtuke. Kwa f/22 utaona madoa mengi kuliko kumi, na kamera nyingi mpya kutoka dukani nazo zina yao. Piga nyingine kwa f/11. Hiyo ndiyo itakayokuamulia. Kama ya f/11 ni safi, hata kama ya f/22 ina punje mbili tatu pembeni, acha. Nimeona watu wakifukuza punje ya mwisho kwenye kona mpaka wakaingiza tano mpya katikati.

Hakikisha pia unachokiona ni vumbi kweli. Punje kavu inatoa doa la kijivu lenye kingo laini. Uzi unatoa mstari uliojikunja. Tone la mafuta ya shata ni duara lililochongeka vizuri, mara nyingi lenye katikati nyepesi kuliko ukingo wake. Nukta ndogo sana nyekundu, kijani au nyeupe ambayo ipo hata kwa f/2.8 si uchafu. Ni pikseli iliyoharibika, na haisafishwi kwa kitu chochote. Na uchafu unaouona ukichungulia tu, lakini haumo pichani, uko kwenye kioo cha kuakisi, kile kinachosimama mbele ya sensa na kupanda unapopiga, au kwenye bamba la kuchungulia. Hauathiri picha hata kidogo, na bamba hilo linakwaruzika upesi mno, kwa hiyo usilifukuzie.

Andika kwenye karatasi madoa yalipo, kisha ujue ramani inavyogeuka. Lenzi inapindua picha. Ukiikabili kamera ikiwa imesimama wima na kuchungulia ndani, doa lililo juu kushoto pichani liko chini kushoto kwenye sensa. Kushoto hubaki kushoto, juu huwa chini. Ndiyo maana madoa yako yote yamekaa angani: vumbi linashuka, linatua sehemu ya chini ya sensa, na sehemu hiyo ndiyo inayopokea mbingu.

Anza na kilicho chepesi zaidi. 80D inayo njia yake ya kujikung'uta: kile kioo hutetemeshwa kwa kasi kubwa sana kila unapowasha na kuzima. Olympus ndio waliotangulia na ufundi huo mwaka 2003 kwenye E-1, Canon wakaufuata mwaka 2006 na 400D. Simamisha kamera mezani kama inavyosimama kawaida, ingia kwenye menyu ya kusafisha sensa, chagua isafishwe sasa hivi. Rudia mara nne au tano, kisha piga kipimo tena. Punje kavu zitaanguka. Zilizogandishwa na unyevu hazitatoka.

Hatua ya pili ni pampu ya mpira ya kupulizia, ile yenye umbo kama la roketi. Hapa asilimia kubwa ya kamera ninazoletewa hupona, wala hazihitaji zaidi. Lakini andaa chumba kwanza. Piga deki sakafu, funga madirisha, zima feni, halafu nenda kanywe chai nusu saa ili vumbi lililoruka litue. Asubuhi na mapema kwa Dodoma ni bora kuliko mchana, upepo unakuwa haujachangamka. Vua kanga au sweta linalotoa nyuzi. Pampu mpya iminye mara ishirini ukiielekeza pembeni, kwa sababu nyingi huja na unga ndani, na mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliwahi kuunyunyiza unga huo juu ya sensa ya mteja. Nilitumia jioni nzima kuuondoa.

Safisha kwanza nyumba ya nje ya sensa. Lenzi ikiwa bado imefungwa, futa pete na kingo zake kwa brashi laini. Ivue, shika kamera mdomo ukiwa umeangalia chini, puliza ndani ya chumba cha kioo cha kuakisi kabla hujakifungua. Vumbi jingi linalotua kwenye sensa linatoka humo humo. Baada ya hapo hakikisha betri imejaa, ingia tena kwenye menyu, chagua kusafisha kwa mkono. Kioo cha kuakisi kitapanda, shata itafunguka, na utaiona sensa ikimeta kwa rangi ya kijani na zambarau. Kamera bado imetazama chini, puliza mara kumi hivi kwa nguvu, ukiacha ncha ya pampu nje ya pete ya lenzi. Ncha ikiingia ndani, mkono ukiteleza mara moja tu umegonga kioo. Zima swichi, kioo cha kuakisi kishuke, rudisha lenzi.

Betri iliyojaa si ushauri wa kujilinda tu. Ikiisha katikati ya kazi, shata inajifunga na kioo cha kuakisi kinashuka juu ya chochote kilichomo ndani. Kwa sababu hiyohiyo usitumie ule mtindo wa kushikilia kitufe cha kupigia kwa mpangilio wa B, ambao huacha shata wazi mradi kidole kiko kwenye kitufe. Kidole kikichoka, umeumia.

Usipulize kwa mdomo, hata kidogo. Pumzi ina matone ya mate usiyoyaona, na kila tone likikauka linakuwa doa gumu kuliko vumbi ulilotaka kuliondoa. Na zile kopo za hewa iliyoshindiliwa za kusafishia kompyuta nazo ziache: ukiziinamisha hutema kimiminika chenye baridi kali ambacho kinaacha tabaka juu ya kioo, na nguvu yake inaweza kupinda mapazia ya shata.

Piga kipimo. Kama f/11 imekuwa safi, kazi imeisha, funga begi. Kama madoa matatu manne yameng'ang'ania, ndipo tunaingia kwenye usafi wa maji, na hapa nataka unisikilize kwa makini.

Unahitaji vijiti maalumu vya kusafishia sensa, vilivyofungwa kimoja kimoja, vyenye upana wa kama milimita 16. Sensa yako ina takriban milimita 22 kwa 15, kwa hiyo kijiti kinafunika urefu wake wa juu hadi chini kwa mpito mmoja. Vile vya milimita 24 ni vya kamera zenye sensa kubwa ya 36 kwa 24, kwako havitaingia. Unahitaji na dawa yake, chupa ndogo. Eclipse ndiyo niliyoitumia miaka mingi. Ni methanoli safi, inakauka bila kuacha alama. Ni sumu na inashika moto, kwa hiyo iweke mbali na watoto na jiko, na usiitie kwenye begi la ndege.

Rudi kwenye menyu ya kusafisha kwa mkono ili kioo cha kuakisi kipande, kisha puliza tena kwanza, kila mara, hata kama umetoka kupuliza sasa hivi. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko kioo. Ikibaki chini ya kijiti, umeshika msasa.

Dondosha matone mawili ya dawa kwenye ukingo wa kitambaa cha kijiti, usizidishe. Hesabu hadi kumi, unyevu usambae na uwe kama wa kioo cha dirisha asubuhi, si wa kitambaa kilichochovywa. Laza kamera chali mezani, mdomo juu, taa ikiwa pembeni. Shusha kijiti hadi ukingo wa kushoto wa sensa, kiinamishe kidogo kuelekea unakokwenda, na ukandamize kiasi cha kalamu ya risasi unapoandika: ncha ipinde kidogo, basi. Vuta hadi ukingo wa kulia bila kusimama, kama sekunde tatu. Usiinue katikati. Ukifika mwisho, geuza kijiti upande wake wa pili ambao haujagusa kitu, rudi kulia kwenda kushoto. Kijiti hicho kimemaliza maisha yake. Kitupe. Watu wanakionea huruma kwa sababu ya bei, wanakipitisha mara ya tatu, na uchafu uliotolewa unarudi kama mikwaruzo.

Acha ikauke, zima, rudisha lenzi, piga kipimo. Mara ya kwanza usishangae ukikuta michirizi. Maana yake dawa ilizidi. Kijiti kipya chenye tone moja kitaifuta. Mimi huwa najipa vijiti vitatu kwa kamera moja. Baada ya vitatu kama doa bado lipo, tatizo si nguvu ya mkono tena. Ama ni mafuta, ama ni kitu kilicho chini ya kioo, na hapo lete kwa fundi. Mafuta yakirudi baada ya wiki chache, yanatoka kwenye shata. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilipata sifa hiyo mbaya mpaka Nikon wenyewe wakatoa tangazo mwaka uliofuata na kuzihudumia kamera hizo. Hakuna kijiti ambacho kingewasaidia wenye nazo.

Turudi kwenye spiriti na pamba, nisije nikaonekana nimekataza bila sababu. Spiriti ya duka la dawa ina maji ndani yake, na nyingine zimeongezwa vitu vingine kwa ajili ya ngozi. Ikikauka kwenye kioo inaacha ukungu. Pamba inaacha nyuzi, na kichwa chake ni cha duara, kwa hiyo mtu anasugua kwa kuzungusha. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea kamera iliyosafishwa hivyo. Niliweka taa pembeni, nikamwonyesha: mikwaruzo midogo ya duara, mmoja juu ya mwingine, katikati kabisa ya sensa, penye uso wa kila mtu aliyempiga picha. Alikaa kimya muda mrefu. Kulikuwa na punje moja tu, akasema, moja tu upande wa kulia. Pampu ingeitoa.

Kwa wasomaji wenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi, neno moja. Kwenu sensa iko wazi mara lenzi inapotoka, isipokuwa kwenye baadhi ya kamera, kama Canon EOS R, ambazo hufunga shata zikizimwa. Hilo ni jambo jema, lakini usipulize kwa nguvu juu ya shata iliyofungwa. Mapazia yake ni mepesi sana. Na sensa zinazoelea ili kutuliza mtikisiko zinasogea ukizigusa. Tumia mpangilio wa usafi ulio kwenye menyu kama upo, kandamiza kidogo kuliko nilivyosema hapo juu, na kama hujawahi kufanya, mara ya kwanza mpe anayejua.

Wewe, mwanangu, kwa 80D na madoa kumi, fanya mwenyewe hadi hatua ya pampu. Sina wasiwasi na hilo. Ya vijiti jaribu tu ukiwa na asubuhi nzima mbele yako na hakuna harusi siku hiyo.

Kisha shughulikia chanzo. Chukua kifuniko cha nyuma cha kila lenzi na kile cha mdomo wa kamera, viangalie chini ya taa. Humo mna vumbi, nina hakika, kwa sababu hukaa mfukoni na chini ya begi, na kila ukikifunga unaimwagia lenzi vumbi lile. Vioshe kwa sabuni ya vyombo, vikauke kabisa. Begi ligeuze nje ndani, ulikung'ute. Na Jumamosi ijayo, kabla maharusi hawajashuka kwa picha za nje, funga lenzi utakayoitumia ukiwa bado ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kimezimwa, kamera imezimwa na mdomo wake umeangalia chini.